Babu Yako Amezikwa Wapi?

Swali hilo niliulizwa nikiwa kwenye kiti cha plastiki, mbele ya meza yenye rundo la fomu, siku nilipokwenda kuhojiwa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa. Mtu wa Lindi au wa Singida huenda hajui habari hii. Kwake yeye zoezi la NIDA ni picha, alama za vidole na sahihi, kisha subira. Sisi wa wilaya za mpakani tunapita kwanza kwa afisa uhamiaji. Anakuuliza baba yako alizaliwa kijiji gani, babu alitokea wapi, bibi mzaa baba ni wa ukoo upi, bibi mzaa mama je, mlianza kukaa hapo mwaka gani, shule ya msingi ulisoma na nani. Swali la makaburi lazima lije, maana mtu anaweza kuazima jina, hata cheti, lakini kaburi haliazimwi.

Nilijibu vizuri mpaka tulipofika kwa bibi. Babu amezikwa migombani, nyuma ya nyumba yetu, hatua kama thelathini kutoka mlango wa jikoni. Bibi naye amezikwa hapo hapo, ubavuni kwake. Lakini bibi mzaa baba alizaliwa ng'ambo, upande wa Muyinga, akaja kuolewa kwetu wakati Tanganyika na Burundi zote zingali chini ya Wazungu. Koo lilinikauka. Nikasema ukweli. Afisa yule, mtu muungwana, akaandika, akageuza karatasi, akaendelea na swali lingine. Kitambulisho nilikipata. Nalitaja hili mwanzoni ili msomaji ajue ninapozungumza kuhusu wahamiaji nimesimama wapi: nimesimama upande wa ndani, kwa umbali wa kaburi moja.

Kwetu ni Ngara, upande wa Bugufi. Wilaya hii ina nchi mbili za asili, Bushubi na Bugufi, na hiyo ya pili ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya Mjerumani kuondoka. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji waligawana alichokiacha, kwa makubaliano yanayobeba majina ya wajumbe wao wawili, Milner na Orts. Bugufi ikaangukia Tanganyika. Gisaka, ambayo ilichukuliwa vivyo hivyo kutoka Rwanda, ilirudishwa kwa Wanyarwanda baada ya miaka michache. Bugufi haikurudi, ingawa mwami, yaani mfalme, wa Burundi aliendelea kuidai. Kwa hiyo babu wa babu yangu alihama nchi bila kuinua mguu. Alilala Mrundi, akaamka Mtanganyika, na migomba yake ilikuwa ile ile.

Kihangaza tunachozungumza ni ndugu wa Kirundi. Mtu wa Muyinga akija soko la Kabanga hahitaji mkalimani. Atanunua, atapatana bei, atakwenda zake. Ndiyo maana nashangaa ninaposikia watu wa mbali wakisema mhamiaji hutambulika kwa lafudhi au kwa sura. Kwa kipimo hicho mimi na ndugu zangu wote tungevushwa kabla ya saa sita mchana.

Sasa nije kwa jirani yetu. Simtaji jina kwa kuwa yupo hai na hajaniomba nimwandike. Alifika kijijini mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati wa mauaji makubwa ya Burundi. Makumi ya maelfu waliokimbia mwaka ule walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, kama Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Mama huyu hakwenda huko. Alikuwa na dada yake aliyeolewa Bugufi, akapokelewa, akapewa kona ya shamba, akajenga. Hakuna aliyemwandika popote. Wakati ule hakuna aliyeona sababu ya kumwandika; mtu kaja kwa dada yake, utamwandikia nini?

Mtoto akakua. Akasoma hadi darasa la saba, akabeba mawe ya zahanati pamoja na vijana wenzake, akaoa binti wa kijijini kwetu, akapata watoto watano na ng'ombe sita. Mama yake alipofariki alizikwa nyuma ya nyumba, kama bibi yangu.

Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete alikuwa ziarani Kagera. Akatoa wiki mbili: waliopo nchini bila vibali waondoke wenyewe, na wenye silaha wazisalimishe. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, msako wa wasio na vibali, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Ulikuwa mwaka mbaya wa ujirani. Mwezi Mei, mjini Addis Ababa, Rais wetu alikuwa ameishauri Rwanda izungumze na waasi wanaoipinga wa FDLR, Kigali ikakasirika, na maneno yalikuwa makali pande zote mbili. Maelfu ya watu wakavuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, baadhi yao wakiwa wameishi Tanzania miaka arobaini na zaidi. Watetezi wa haki za binadamu walilalamikia familia zilizogawanywa na mifugo iliyopotea njiani.

Lakini jirani yangu hakutolewa na askari. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kabla ya operesheni yenyewe kuanza, wiki zile mbili zikiwa hazijaisha, majina yalianza kutajwa kitongojini. Nani ana habari za nani. Nani alitoka wapi. Na mtu mmoja, ambaye alikuwa na ugomvi naye wa muda mrefu juu ya kipande cha shamba bondeni, akasimama mkutanoni akasema yule ni mhamiaji haramu, aandikwe. Akaandikwa. Watu walikuwa wengi pale. Waliokula kwake, waliobebewa maiti na yeye, waliokopeshwa maziwa na mke wake. Wakanyamaza.

Baba yangu alikuwepo. Miaka kadhaa baadaye, tukiwa wawili tu, nilimuuliza, "Baba, kwa nini hukusema neno?" Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, ningesimama, wangeniuliza: na wewe, mama yako kazaliwa wapi?"

Nimeyabeba maneno hayo kwa miaka, na kila ninachofikiri juu ya mipaka kimeanzia hapo. Tunapozungumzia kudhibiti uhamiaji tunamfikiria askari kwenye kizuizi, kamera, uzio, boti ya doria. Kwetu mpaka halisi ulikuwa ulimi wa jirani. Sheria ikija bila utaratibu wa kumsikiliza mtu, bila maandishi, bila siku ya kuleta ushahidi, anayeitumia ni mwenye kinyongo, mwenye kutamani shamba, mwenye deni asilotaka kulilipa. Na wale wanaojua ukweli wanafunga midomo kwa kuwa karibu kila mmoja wao ana bibi wa ng'ambo.

Jirani yetu aliondoka alfajiri, siku tatu kabla ya mwisho uliowekwa, pamoja na kijana wake wa kwanza na ng'ombe wanne. Wawili aliwaacha kwa mkewe. Yule mama ni mzaliwa wa kijiji, ana kina baba wadogo na wajomba hapo hapo, hakuna wa kumgusa. Alimwuliza mwenyekiti wa kitongoji swali moja ambalo watu wanalisimulia mpaka sasa: "Mume wangu alikuwa haramu tangu lini? Na hawa niliomzalia, niwaite wanaharamu?"

Mwenyekiti hakuwa na jibu, nami sijui kama lugha yetu inalo. Haramu kwetu ni nguruwe, ni riba, ni mali ya wizi. Mtu anaweza kufanya jambo la haramu. Akatubu, akalipa, yakaisha. Kumbandika neno hilo mtu mzima, kichwa hadi mguu, pamoja na usingizi wake na watoto wake, ni kumtoa kwenye hesabu ya watu. Mimi huandika "wasio na vibali". Ni maneno marefu zaidi, lakini yanataja kinachokosekana, nacho ni karatasi.

Tena yako mambo ya sheria ambayo wengi hawayajui. Watoto wale ni raia, kwa kuwa walizaliwa hapa na mama yao ni raia. Lakini ndoa yenyewe haikumsaidia baba yao. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kupitia ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hakupewa njia hiyo; inabidi aombe uraia wa tajinisi kama mgeni mwingine yeyote, kwa masharti yote na ada zote. Laiti yeye angekuwa mke na mkewe angekuwa mume, habari hii ingeandikwa tofauti.

Sitaki mtu anisome akadhani nasema mpaka ufunguliwe, kila mtu apite. Nimekulia Ngara. Kwa miaka mingi mabasi ya mkoani kwetu yalisindikizwa na askari wenye bunduki kupita msitu wa Kasindaga, kwa sababu ya majambazi wenye silaha za kivita zilizovuka kutoka kwenye vita za majirani. Nimepanda mabasi hayo. Najua kimya kinachoingia ndani ya gari basi linapokaribia msitu, akina mama wakificha fedha kwenye nepi za watoto. Najua pia mifugo iliyoingizwa kwa mamia kwenye mapori ya akiba ya Burigi na Kimisi, na wakulima walioona mashamba yao yakigeuka njia ya ng'ombe. Serikali inayoulizwa na wananchi wake "mnafanya nini?" ina haki na wajibu wa kujibu. Nchi lazima ijue nani yumo ndani.

Swali langu ni namna. Nami namna isiyofaa nimeiona kwa macho yangu nikiwa mtoto.

Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa ishirini na nne. Benaco, iliyokuwa porini tu, ikawa kama mji mkubwa ndani ya siku chache. Mti ulikatwa, maji yakachafuka, bei ya kila kitu ikapanda, na ndani ya kambi zile walikuwemo pia waliokuwa na damu mikononi. Tulichoka, lazima tukiri. Desemba 1996 serikali, kwa tamko lililotolewa pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikasema Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 mwezi huo. Kwanza walikimbilia mashariki, ndani zaidi ya nchi, kwa hofu ya kurudi. Jeshi likawageuza. Nilikuwa darasa la tatu. Tulisimama kando ya barabara tukatazama watu wakipita mvua ikinyesha, magodoro vichwani, wazee kwenye baiskeli, watoto waliofungwa kamba kiunoni wasipotee. Walipita kuanzia asubuhi mpaka giza likaingia, na kesho yake vivyo hivyo. Ndani ya msafara ule alikuwemo muuaji, na alikuwemo bibi kizee aliyekuwa akimkimbia muuaji huyo huyo, na wote walitembea barabara moja kuelekea daraja moja. Hakuna aliyeulizwa, "Wewe mama, unaogopa nini huko?"

Hilo ndilo tatizo la kuwaondoa watu kwa makundi. Ukatili wake unaonekana haraka, lakini linakosesha hata serikali kile inachokitaka, yaani kumjua nani ni nani. Jambazi wa Kasindaga hakai kwenye orodha ya kitongoji akingoja wiki mbili ziishe. Anayekaa ni mwenye migomba.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, unakataza kuwafukuza wageni kwa makundi, yaani kwa kuwalenga watu kwa taifa lao, rangi, kabila au dini. Ni ibara ya 12, aya ya 5. Na si maneno ya mapambo. Mwaka 1992 Zambia iliwaondoa watu 517 wa Afrika Magharibi kwa hoja kwamba hawakuwa na vibali. Kesi ikafika mbele ya Kamisheni ya Afrika inayosimamia mkataba huo. Zambia ikajitetea kuwa haikuwabagua, kwani iliwafukuza na wageni wa nchi nyingine pia. Mwaka 1996 Kamisheni ikaamua kwamba nchi haikatazwi kumrudisha kwao aliyeingia kinyume cha sheria, lakini kila mmoja wa wale watu alikuwa na haki ya kusikilizwa. Wengi wao walikuwa wameshikiliwa kabla ya kusafirishwa, baadhi kwa zaidi ya miezi miwili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema muda haukutosha.

Kusikilizwa tu. Nawaomba mtafakari udogo wa kinachodaiwa. Hakuna aliyeiambia Zambia ikae na watu wale milele.

Na hili halikutoka kwa wageni. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Walioandika hawakusema kila raia. Walijua neno raia, wamelitumia kwingine mara nyingi. Hapo waliandika mtu.

Kesi iliyonigusa zaidi iliamuliwa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika, tarehe 22 Machi 2018. Mwanamume mmoja aliyekuwa na pasipoti ya Tanzania alikwenda kushughulikia taratibu za ndoa yake mwaka 2012, pasipoti ikashikiliwa, akaambiwa si raia. Mwaka 2014 akavushwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikasema si wake, ikamrudisha. Akabaki katikati, kwenye kile kipande cha ardhi kati ya Sirari na Isebania ambacho si huku wala si kule. Aliishi hapo miaka, akitegemea wasamaria wapitao. Mahakama ikasema mtu aliyekuwa ametambuliwa kuwa raia, akiwa na nyaraka za nchi, hawezi kubebeshwa yeye mzigo wa kuthibitisha. Ni serikali inayokana ndiyo ithibitishe. Ikasema pia kwamba kumvua mtu uraia kiholela na kumfukuza bila nafasi ya kukata rufaa ni kuvunja haki zake. Mwaka uliofuata Tanzania ikaondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu wananchi na asasi kupeleka mashauri yao moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, mahakama iliyopo ndani ya nchi yetu wenyewe. Nilisikitika sana. Bado nasikitika.

Wanaodhani mashaka ya uraia huwapata wachunga ng'ombe peke yao wamkumbuke Jenerali Ulimwengu, mwanahabari aliyewahi kuwa mbunge, ambaye mwaka 2001 aliambiwa si raia na ikambidi aombe uraia upya. Yeye alikuwa na kalamu na gazeti. Jirani yangu alikuwa na fimbo.

Inaumiza zaidi kwa sababu nchi hii imewahi kufanya jambo ambalo mataifa tajiri hayajathubutu. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa namna Tanzania ilivyopokea wakimbizi. Na Oktoba 2014, mwaka mmoja tu baada ya Kimbunga, Rais yule yule Kikwete alikabidhi vyeti vya uraia kwa Warundi wa mwaka 1972, ukiwa mpango uliogusa watu wapatao 162,000. Nani mwingine duniani amefanya hivyo? Nilipoitazama habari ile kwenye televisheni nililia kwa furaha, kisha nikaanza kuhesabu. Vyeti vile vilikuwa vya watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliokuwa kwenye madaftari. Jirani yangu ni wa mwaka ule ule, wa kilio kile kile, lakini yeye alipokelewa na mama yake mdogo badala ya kupokelewa na serikali. Aliyeingia kambini alitoka na karatasi. Aliyeingia kwenye nyumba ya ndugu alitoka mikono mitupu.

Kwa hiyo mimi, nikiulizwa pa kuanzia, nasema daftari. Andikeni watu. Baada ya Kimbunga serikali na shirika la uhamiaji la IOM walianza kuwasajili wasio na vibali mikoa ya magharibi, kuanzia Kigoma, kwa alama za vidole na mahojiano ya mtu mmoja mmoja, na niliona ni hatua ya watu wazima. Mtu akishaandikwa mnaweza kukaa naye mezani: huyu ni raia hana tu cheti, huyu apewe kibali cha ukaazi, huyu ni mkimbizi, huyu arudi kwao na apewe muda wa kuvuna maharage yake na kuuza mbuzi wake kwa bei ya haki. Na huyu tunamtafuta kwa ujambazi. Watu watano, majibu matano. Kimbunga hakina macho ya kuona watu watano. Ndiyo maana kinaitwa kimbunga.

Kisha kuna vibarua. Kila msimu Warundi wanavuka kuja kulima Ngara, Biharamulo, Kasulu, Kibondo. Kila mtu anajua, pamoja na viongozi, maana hata mashamba ya viongozi yanalimwa. Wanapita njia za panya, kwa kuwa pasipoti ni gharama isiyowezekana kwa mtu anayekuja kulima wiki tano. Wanalala kwenye vibanda vya shambani, wanaahidiwa malipo mwisho wa kazi, na siku ya malipo tajiri anapiga simu: "Huku kwangu kuna wahamiaji." Wanakamatwa, shamba limeshalimwa, fedha inabaki mfukoni mwake. Nimeishuhudia tabia hii zaidi ya mara moja, na watu wanaicheka kwenye vilabu vya pombe kana kwamba ni ujanja. Ni wizi. Kabisa ni wizi, na aliyeiba hana hata shaka ya kukamatwa.

Dawa yake wala haihitaji fedha za wafadhili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na Burundi tumo nayo kwenye jumuiya tangu 2007. Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikiruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho tu tangu 2014. Wakuu wa wilaya za mpakani hukutana kwenye vikao vya ujirani mwema, wakala nyama, wakapiga picha. Kwenye vikao hivyo hivyo wakubaliane karatasi moja ya msimu, itolewe Kabanga, iandikwe jina la kibarua, jina la mwenye shamba, na ujira. Kibarua akiwa nayo, anaweza kwenda kwa mtendaji wa kata kusema sijalipwa bila kuogopa kwamba yeye ndiye atakayelala ndani. Afisa uhamiaji naye atajua walioingia ni wangapi na wametoka wangapi, jambo ambalo leo halijui.

Mlango halali ukiwa mwembamba mno, anayenenepa ni mwenye lori. Tumeyaona kwa vijana wa Ethiopia wanaopita kwetu kwenda Afrika Kusini. Wanatoka kusini mwa nchi yao, wanavuka Moyale, wanapenya Kenya, wanaingia Tanzania, halafu Tunduma au Kasumulu. Juni 2012 miili ya zaidi ya arobaini ilikutwa imetupwa porini Chitego, wilayani Kongwa, walikosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, mkoani Tete nchini Msumbiji, 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena. Oktoba 2022 likafukuliwa kaburi la pamoja Mzimba, Malawi. Desemba mwaka huo huo miili 27 ikaokotwa Ngwerere, pembeni ya Lusaka. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 juu ya magendo ya wahamiaji inasema wazi, ibara ya 5, kwamba aliyesafirishwa hatashitakiwa kwa kosa la kusafirishwa. Mkosaji ni msafirishaji. Pamoja na hayo, tunaoonyeshwa wamechuchumaa kwenye vumbi mbele ya kamera, mashati yamevuliwa, ni vijana wa miaka kumi na nane. Mwenye lori simwoni kwenye picha hizo. Mwenye nyumba alikowaficha wiki nzima simwoni. Wale wangeulizwa kwa upole, kwa lugha yao, nani aliwapokea Tanga, nani aliwapeleka Mbeya, njia nzima ingejulikana. Mtu anayengojea kifungo hasemi.

Nirudi kwetu, maana nimekwenda mbali.

Jirani yetu alikaa upande wa Muyinga. Ng'ombe wawili walikufa mwaka wa kwanza. Alipata kitambulisho cha Burundi, nchi ambayo haikumbuki hata mti wake mmoja, na vijana wa huko wakawa wanamwita Mtanzania kwa sababu ya Kiswahili chake. Mkewe alikuwa akienda kumwona mara moja au mbili kwa mwaka. Binti yao mdogo alijifunza kumfahamu baba yake kwa simu. Yule wa shamba la bondeni alilima alichokitaka misimu minne, kisha akaugua, akafa. Tulimzika.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, jirani alirudi. Alipitia Kabanga, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, akiwa na hati yake ya kusafiria na shati lililopigwa pasi. Alinisimulia mwenyewe. Kijana wa dirishani alimuuliza, "Mzee, unakwenda kwa nani?" Akasema, "Nakwenda kwangu." Kijana akaangalia hati, akamwangalia yeye, akamwambia taratibu kwamba hapo kwenye sababu ya safari hawezi kuandika hivyo. Wakashauriana. Wakaandika matembezi.

Alinunua saruji mifuko mitatu pale pale Kabanga, akapanda nayo bodaboda mbili. Alikuja kujengea kaburi la mama yake, lililokuwa limezama upande mmoja kwa mvua za miaka kumi. Fundi alitaka mtu wa kumshikia kamba ili mstari wa tofali usiende upogo. Baba yangu, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, alivuka uzio akaishika ile kamba. Hawakuwa wamesemeshana tangu 2013. Wakafanya kazi mpaka adhuhuri, mmoja mwanzo wa kamba, mwingine mwisho wake.